Mita ya Bei ya Jogoo

Kila wiki kuna mmoja wenu, nyie mafundi wachanga, anayenipigia simu kutoka dukani. Amesimama kaunta, ameshika mita ya stima mkono huu na nyingine mkono ule, na anataka nimwambie anunue ipi. Mimi nimestaafu. Ngazi yangu iko ghalani na kuku wanalala juu yake. Lakini swali hilo silikatai, na kwa kuwa nimechoka kulijibu kwa mmoja mmoja, leo nawaandikia wote. Someni mpaka mwisho, kwa sababu kuchagua mita si kazi ngumu. Kazi iko katika unachofanya nayo ukifika kwa mtu.

Nimevuta waya kutoka Sultan Hamud mpaka Kibwezi, na nyumba nyingi za Kasikeu zina mkono wangu juu ya dari. Enzi zile mwanamke akipanda ngazi na koleo mfukoni watu walikuja kutazama. Wengine walikaa kabisa, wakisubiri nianguke. Waliochoka kusubiri ndio walionipa kazi za kwanza.

Aliyenifundisha ni mzee Mutiso, na yeye hakuwa na mita. Alikuwa na balbu kwenye kishikio chake, na waya mbili zinazoning'inia, basi. Kabla ya kupima chochote aligusisha balbu yake kwenye soketi anayoijua kuwa ina stima, ikawaka. Halafu akapima kazi yenyewe. Halafu, hata kama amechoka, hata kama mwenye nyumba ameshaweka chai mezani, alirudi kwenye ile soketi ya kwanza na kuwasha balbu tena. Mimi nilimwona mzee anapoteza muda, nikamuuliza anarudia nini. Akanijibu bila kunitazama:

“Balbu ingeungua hapo katikati, nani angeniambia?”

Hilo ndilo somo la kwanza, na mita ya kisasa haijalifuta. Betri ikilala, waya ikikatika ndani, kioo cha mita kitakuandikia sifuri kwa utulivu kabisa, na wewe utaweka kidole. Pima pale unapojua, pima kazi, rudi pale unapojua. Nikikukuta unapima mara moja tu nitakunyang'anya hiyo mita, na mnanijua sitanii.

Sasa twende dukani. Pale Sultan Hamud kuna muuzaji tunayemwita Baba Njoki. Watu wake walikuja kutoka upande wa Murang'a zamani, na Kikamba anakijua kuliko watoto wangu. Akiniona naingia huanza kuguna, kwa sababu anajua nitamfungulisha boksi zote. Mfanyie hivyo na wewe. Muuzaji atakukasirikia kwa dakika chache, wewe utakaa na hicho kifaa miaka.

Mita ya kazi za nyumbani si lazima iwe ghali. Bei ya jogoo mzuri wa soko la Kasikeu inatosha. Ile ya bei ya yai iache. Ya bei ya ng'ombe pia iache, mpaka siku utakapoajiriwa kiwandani. Kwanza tazama karibu na matundu ya kuchomekea waya, pameandikwa nini. Unataka CAT III na 600V. Maana yake, kwa lugha ya jikoni, ni kwamba stima ya ukutani ikishtuka ghafla, mita haitakupasukia mkononi. Kama hakuna maandishi hayo, hiyo ni ya kupimia betri za redio. Ni kweli wako wanaochapisha maandishi tu juu ya takataka, ndiyo maana huishii hapo.

Mwambie afungue mgongo wa mita uone fyuzi. Iwepo, na iwe ile nyeupe ya kauri badala ya kikioo chembamba. Baba Njoki aliwahi kunifungulia moja ambayo mahali pa fyuzi palikuwa na kipande cha waya kimeunganishwa, akacheka yeye mwenyewe, akairudisha nyuma ya duka. Kisha shika zile waya za kupimia uzikunje. Ziwe laini na nene, na ile ncha ya chuma iwe imefunikwa, ibaki kidogo tu mbele. Weka mita kwenye alama ya mlio, gusanisha ncha mbili. Ikitakiwa kulia, ilie papo hapo. Inayosita kama mtu aliyeamshwa usingizini itakudanganya ukitafuta waya uliokatika.

Toka nayo nje kwenye jua. Ndiyo, toka. Jua letu la Kibwezi linafuta namba kwenye kioo kibovu, na wewe kazi zako nyingi ni za pampu na tangi, hazifanyiki chumbani. Ukirudi ndani, pima soketi ya duka kwa mita mbili tofauti. Zikikaribiana, sawa. Zikiachana sana, omba ya tatu ije kuamua, na Baba Njoki aendelee kuguna.

Kuna jambo la alama ninalotaka mlishike. Kwenye kile kizungusho cha kuchagulia kipimo, V yenye kimstari cha mawimbi ni ya stima ya nyumba. V yenye mstari ulionyooka ni ya betri na sola. Jamaa mmoja wa Kibwezi alikuwa fundi wa sola, hodari, na kizungusho chake kilikaa kwenye mstari ulionyooka mwaka mzima. Siku moja akaitwa kanisani kurekebisha soketi ya spika wakati kwaya inafanya mazoezi. Akapima, akaona sifuri, akashika. Ukelele alioutoa, akina mama wa kwaya waliuitikia “Amina” kabla hawajageuka kuona ni nini. Hakuumia, alitupwa tu chini kutoka kwenye kistuli, lakini mpaka leo akiingia kanisani wanatabasamu. Na yeye, nina hakika, hutazama kizungusho kabla ya kutazama kitu kingine chochote.

Ukishapima nguvu inayotumiwa na pampu, rudisha waya nyekundu kwenye tundu lake la kawaida palepale. Usiseme utairudisha kesho. Kesho utakuwa umesahau, utaichomeka kwenye soketi ikiwa bado kwenye lile tundu la kupimia ampea, na utajua ni kwa nini nilikusumbua kuhusu fyuzi.

Sasa niwaambie ya Mwikali, kwa sababu ndiyo yaliyonifanya nikae chini kuandika.

Mwikali ni jirani yangu hapa Kasikeu. Mumewe anafanya kazi mbali, na yeye anakaa na binti yao Ndanu, aliye darasa la tano. Mwaka jana, mwisho wa kiangazi, mawingu yakiwa yameanza kukusanyika na kutawanyika bila kutupa kitu, alikuja kwangu akaniambia kwamba Ndanu ametekenywa na paipu ya tangi. Aliigusa asubuhi akipita kwenda kufungulia mbuzi. Susu yake, yaani bibi yake, alimwambia ni baridi. Mwikali naye angeamini ni baridi, lakini mtoto alikuwa ameanza kupita upande wa pili wa nyumba, anazunguka mbali, na si mtoto wa kuzunguka.

Alikuwa ameshamwita Kyalo, fundi wetu wa hapa. Kyalo ni mtu mzima, ana watoto wake, na kazi yake ni safi. Alipima kati ya ile paipu na kigingi cha chuma alichopigilia ardhini. Mita ilionyesha namba inayoyumba, mara sabini, mara tisini, mara inashuka. Akaweka balbu ya kupimia, kama Mutiso, namba ikaanguka mpaka chini na balbu haikuwaka. Akasema ni stima ya uongo. Na msimcheke, kwa sababu stima ya namna hiyo ipo. Waya wa moto ukipita karibu na bati bila kuligusa, mita ya kidijitali, ambayo haili nguvu hata kidogo, inaweza kuandika namba isiyo na meno. Ndiyo sababu nawaambia mnunue mita na bado mtengeneze balbu ya kupimia. Ningekuwa mimi, mchana ule, ningeona yaleyale aliyoyaona.

Lakini nilijua paipu ile ni ya nini. Nyie wa huku mnajua kazi ya mvua ya kwanza. Paa limekusanya vumbi la miezi, mavi ya ndege, majani. Maji ya kwanza huyataki tangini mwako. Kwa hiyo ile paipu ya bati inayoshuka kutoka kwenye gata, ule mfereji wa ukingoni mwa paa, unaiacha imegeuzwa pembeni, maji machafu yamwagike chini, na yakitakata mtu anatoka mbio, anaishika kwa mikono miwili na kuigeuza ielekee mdomo wa tangi. Anatoka bila viatu, maana nani atavaa viatu kwenye tope? Karibu kila nyumba, anayetoka ni mtoto, kwa sababu ni mchezo.

Mikono miwili kwenye bati, miguu mitupu kwenye maji. Nikamwita Kyalo, nikamwambia turudi kwa Mwikali.

Nilianza kwenye boksi la swichi. Ile swichi inayojikata yenyewe stima ikivuja ilikuwepo, lakini waya zimerukishwa juu yake. Mwikali alieleza bila wasiwasi kwamba ilikuwa ikikata asubuhi za ukungu, wakati wa kumtayarisha mtoto kwenda shule, basi fundi mmoja mpita njia akamsaidia. Kyalo na mimi tulitazamana. Ilikata asubuhi za ukungu, na mtoto alitekenywa asubuhi, wakati wa umande. Mchana, kila kitu kikiwa kikavu kama mfupa, hapakuwa na kitu cha kupima. Nyumba ile ingesema ukweli siku ya mvua, na siku hiyo Ndanu angekuwa ameshika paipu.

Nikasema tunataka maji. Mtungi mmoja mzima, nusu tumwage kwenye paa pale waya wa kutoka boksini unapoingilia dari, nusu kwenye ardhi chini ya paipu.

Hapa lazima mwelewe kwa nini hakuna fundi wa kwetu anayepima hivyo. Mwezi ule maji yanatoka mtoni, kwenye shimo lililochimbwa mchangani, unasubiri yajichuje kata kwa kata, halafu punda anapanda nayo mlima. Watu wanaoga kwa beseni na maji yaleyale yanaenda kwa mboga. Kumwaga maji safi chini, mbele ya mwenye nyumba, ni jambo ambalo mkono wenyewe unakataa. Kyalo hakuyaomba kwa sababu alilelewa vizuri.

Mwikali, ambaye huniita Mwaitu, yaani mama, aliniangalia kama niliyemtukana.

“Mwaitu, hiyo ndiyo maji imebaki. Nimetoka nayo mtoni jana na punda. Saa hii unataka niimwage juu ya mabati?”

Nilimwambia hapana, yako iache. Nikarudi kwangu, nikafunga mtungi wangu kwa mukwa, ule ukanda wa kubebea, nikauweka kichwani kwenye paji na kuubeba mgongoni kama nilivyobeba nikiwa msichana. Magoti yalinisema njia nzima. Watu wawili waliniuliza nampelekea nani maji, nikawaambia nayapelekea paa. Nilikuwa nimekasirika, sikatai, ila si kwa Mwikali. Niliikasirikia ile siku ya mvua ambayo niliiona inakuja na hakuna mwingine aliyeiona.

Aliponiona naingia kwenye boma nimeinama hivyo, alikuja akanitua mzigo mwenyewe. Akaingia jikoni akatoka na mtungi wake, akamimina nusu yake na nusu yangu kwenye ndoo.

Tukazima stima kwenye swichi kubwa. Kyalo ndiye aliyekuwa na akili ya kuleta vile vibanio vyenye meno: tukabana waya moja kwenye paipu na nyingine kwenye kigingi, ili asiwepo mtu wa kushika chochote. Akapanda akamwaga maji pale juu, akashuka, akaloanisha ardhi kuzunguka kigingi. Ardhi iliyanywa ikabaki na kiu. Tukawasogeza wote mpaka kwenye lango, hata mbuzi. Mimi nikasimama mlangoni kwenye sakafu kavu na mita yangu ya bei ya jogoo. Kyalo akawasha; nikapima soketi ya sebuleni, ikasoma vizuri, nikahamia kwenye waya za nje.

Namba haikuyumba. Ilipanda mpaka mia mbili na arobaini hivi na kukaa. Tukaunganisha balbu, ikawaka mchana kweupe, na namba haikushuka kitu. Kyalo akazima bila kuambiwa.

Mwikali alikaa chini palepale langoni. Nilidhani atalia, lakini alisema tu, kwa sauti ya kawaida:

“Kila mwaka ni Ndanu hugeuza.”

Nimefanya kazi hii maisha yangu yote na sijawahi kuogopa balbu inayowaka kama nilivyoiogopa ile.

Kyalo alipanda darini tukiwa tumezima kila kitu na akaikuta. Waya wa kutoka boksini kuingia darini ulipitishwa juu ya ukingo wa bati bila chochote cha kuukinga. Upepo uliutikisa, bati likaukata ganda polepole, na ulibaki na upenyo mdogo sana kati ya shaba na bati. Vumbi likiwa kavu, hakuna neno. Likilowa, paa zima lina stima, na gata, na paipu. Alikata kipande kile, akavuta kipya ndani ya bomba la plastiki, akaunganisha mabati na waya wa ardhini, na swichi ya kujikata akairudishia kazi yake. Nilikagua kila kiungo. Ilikuwa kazi nzuri.

Ila hatukuwa na maji ya kuipima. Ndoo ilikuwa tupu, na kilichobaki kwenye mitungi ni cha ugali. Kyalo alisema haina shida, imetengenezwa. Nikamwambia imetengenezwa ndiyo, bado haijapimwa. Nikawaambia Mwikali na Ndanu: mvua ikinyesha, paipu isiguswe mpaka nifike, hata maji yakijaa barabara. Na kuanzia siku hiyo mita ililala kwenye mkoba wangu.

Mvua ilikuja Jumapili, katikati ya mahubiri. Ilipiga mabati ya kanisa mpaka mhubiri akabaki anafungua mdomo tu, na watu wakaanza kupiga makofi kwa furaha. Mimi nikainuka, nikachukua mkoba wenye Biblia na mita, nikatoka. Nina hakika walisema nimeacha nguo kwenye kamba. Nyuma yangu nikasikia miguu inachapa tope: Mwikali, na Ndanu ameshika viatu vyake vya kanisani mkononi.

Tulipofika, maji yalikuwa yanatoka kwenye paipu kwa nguvu, yamegeuzwa pembeni, rangi ya chai. Nikazima stima, nikabana waya kwenye paipu na kigingi, nikaingia ndani kwenye ukavu, nikawasha. Soketi, stima ipo. Paipu, sifuri. Balbu, giza. Nje maji yalikuwa yameshaanza kutakata, yanamwagika tu, na hilo kwa mtu aliyetoka mtoni na punda ni kidonda.

“Mwaitu, maji inaenda,” Mwikali akasema.

“Iende,” nikamwambia. Nikarudi kwenye soketi, nikapima tena. Ipo. Mita ilikuwa hai muda wote, na sifuri yangu ilikuwa ya kweli.

Nikavua viatu. Nikaingia kwenye tope, nikagusa paipu kwa mgongo wa mkono kwanza, kama mafundi wa zamani, halafu nikaishika kwa mikono miwili. Bati lilikuwa baridi na linatetemeka kwa maji. Hakuna kingine. Nikakaa hivyo, mvua inanipiga kichwani, mpaka nikaridhika.

Ndanu alikuwa amesimama ukingoni mwa baraza. Hakunitazama usoni, alitazama mikono yangu.

“Susu,” akaniuliza, “nigeuze?”

Nikatoka nikampisha.